Springi Zilizochoka

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, saratani ya baba ilifika kwenye uti wa mgongo, na daktari akamwandikia siku kumi za tiba ya mionzi katika hospitali moja ya Parklands. Tulikaa Kinoo. Si mbali, ila matuta ni mengi. Siku ya vipimo tulikodi teksi. Kiti kilimkunja kiuno, na kabla hatujafika Kangemi alikuwa akilia kwa sauti ambayo sikujua anayo. Mahali pekee alipoweza kuketi ni kwenye kiti kirefu, kilichonyooka, cha pikapu yake ya zamani, iliyobeba kabichi tangu sijaanza shule. Lakini bila mzigo pikapu hiyo ilirusha nyuma kama punda aliyeumwa na nyuki.

Tiba ingeanza Jumatatu saa tatu asubuhi. Ukikosa siku ya kwanza unarudi mwisho wa foleni, na foleni ilikuwa ya wiki sita. Baba hakuwa na wiki sita za kuchezea.

Ijumaa nikaipeleka pikapu kwa fundi wa kando ya barabara. Alijilaza chini yake, akatoka na habari mbaya: fremu ya nyuma ilikuwa imeoza pale springi zinapofungwa.

"Unaona hapa, prof? Ukipiga shimo moja kubwa, wewe unafika Westi, mkia unabaki Kangemi."

Sikuwa profesa. Nilikuwa naandika makala na kuvaa miwani.

"Kata, uunge," nikamwambia. "Na hizo springi zimechoka. Zinamuumiza mzee vibaya."

Akazitazama tena. "Zimechoka? Mimi sioni hivyo sana."

"Zimechoka," nikarudia, kwa sauti ya mtu mwenye shahada mbili.

"Haya. Gari ni yako."

Jumapili alasiri nikaenda kuichukua. Fremu ilikuwa imeungwa kwa chuma kipya, na mshono wa kulehemu umenyooka vizuri. Ila mkia ulikuwa umesimama juu kama wa paka.

"Nimeziamsha," fundi akasema, akitabasamu. Alikuwa amezikunja upya kwa moto na kuongeza vyuma viwili kila upande. "Sasa hata mawe ya ujenzi haitaskia."

"Nilikuambia zinamuumiza mzee!"

"Si ulisema zimechoka? Springi ikichoka imelala. Ikilala inaamshwa. Uliza mtu yeyote hapa."

Mtu yeyote alikuwa mama wa mahindi choma, naye akatikisa kichwa kuafiki.

"Ungesema ni ngumu," fundi akasema, sauti imeshuka. "Ngumu ningepunguza."

Nilisoma isimu miaka minne. Hakuna aliyenifundisha kwamba chini ya gari, kuchoka maana yake ni kulala.

Kuzifungua upya kungechukua saa nyingi kuliko zilizobaki kabla ya giza, na miadi ya baba ilikuwa kesho yake asubuhi. "Basi tuitafutie mzigo," fundi akasema. "Ikibeba italainika." Tukaomba mawe kwenye ploti ya jirani. Kila tulipopakia machache alikalia mkia, akaurusha kwa makalio, akasikiliza. "Bado. Ongeza."

Jumatatu baba akachungulia nyuma kabla ya kupanda.

"Umenipakia pamoja na mawe?"

"Ni ya kulainisha, baba."

"Hiyo ndiyo ulisomea?"

Hadi Uthiru alilalamikia ninavyobadilisha gia. Baada ya Kangemi akanyamaza, nami nikafurahi. Kufika Muthangari nilikuwa napiga mluzi, mjinga mimi, nikiwaza jinsi nitakavyomsifu fundi.

Askari wa lango la hospitali akatusimamisha. "Mawe peleka upande ule, kwa wajenzi."

"Ni mgonjwa," nikasema.

Nikageuka kumwonyesha. Baba alikuwa ameng'ata leso yake. Akaitoa mdomoni, akaikunja polepole, upande ulioloa ukabaki ndani.

"Imekuwa laini," akasema. "Usimgombeze huyo fundi."

Nilipomrudisha na kumlaza, zilibaki siku tisa. Nikaenda kwa fundi moja kwa moja. Sikujiamini tena kwa maneno. Nilivua koti, nikajilaza kwenye mafuta chini ya pikapu, yeye kando yangu, nikaanza kumwonyesha kwa kidole vyuma vya kutoa: hiki, hiki, na hiki cha chini.

"Prof, ukitoa hicho haitabeba kabichi tena. Haitabeba kitu."

"Itambeba mzee."

Akafikiri, spana mkononi. "Ana kilo ngapi?"

Nilijua kilo zake za mwezi uliopita. Nikamtajia, kisha nikamwambia apunguze kutoka hapo.