Mm ya Usingizini

Kwa miezi kumi na mmoja nilikana jambo moja, na nilikana kwa uso mkavu kama mtu aliyelisomea: nilikana kwamba nilikuwa nalala wakati dada yangu bado anazungumza nami kwenye simu. Nililala. Si mara moja wala mbili, bali karibu kila siku. Nililala katikati ya habari za mbuzi wake, katikati ya ugomvi wa kwaya ya kanisa lao, na siku moja, Mungu anisamehe, nililala katikati ya habari za upasuaji wa jicho lake mwenyewe.

Utetezi wangu ni kwamba kabla ya hapo nilikuwa silali kabisa. Usingizi ulinikimbia mwaka uliofuata baada ya kumzika mama. Sikuona uhusiano wowote kati ya mambo hayo mawili, na kila aliyejaribu kunionyesha nilimwambia ni homoni. Mwanamke wa umri wangu ana bahati hiyo moja: anaweza kuzisingizia homoni chochote na hakuna atakayetaka maelezo zaidi.

Ninaishi Busia, upande wa Kenya, karibu na barabara ambapo malori hupanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Uganda. Mtu mmoja alinishauri niyahesabu kwa mlio wa injini. Nilijaribu. Nilifika la saba nikaanza kujiuliza limebeba nini, linakwenda wapi, na dereva wake amemwambia mkewe atarudi lini, na kufikia hapo nilikuwa macho kuliko dereva. Jirani yangu akaniambia niloweke miguu kwenye maji ya moto yenye chumvi. Miguu ililala. Mwenye miguu alibaki akiangalia dari. Mama mmoja anayeleta samaki kutoka Majanji alinihakikishia kuwa supu ya mukene, wale dagaa ambao sisi upande huu tunawaita omena, humlaza hata mtu mwenye kesi mahakamani. Nilikunywa wiki mbili. Kilichobadilika ni heshima niliyopata kwa paka wa mtaa mzima.

Mwishowe nilivuka kwenda Tororo kumwona daktari, kijana mpole mwenye sauti ya chini, ambayo peke yake ingetosha kunilaza kama angekubali kuendelea kuongea.

"Nyabo," akasema, wanavyomwita mama wa heshima upande ule, "usingizi usipokuja, usibaki kitandani kuulazimisha. Amka, kaa kwenye kiti, soma kitu kinachochosha."

Nilikuwa nacho. Nilitoa kabatini tasnifu yangu ya uzamili, ambayo kwa ufahamu wangu imesomwa na watu watatu, mmoja wao akiwa mimi. Ukurasa wa nne nikakuta kosa la sarufi. Ukurasa wa sita nikakuta hoja inayojipinga yenyewe. Kulipopambazuka nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi na nimeanza kuandika barua ya kumwomba radhi msimamizi wangu, mzee wa watu aliyekwisha kustaafu kwa amani.

Basi ndivyo nilivyokuwa siku dada aliponipigia kuhusu mbuzi.

Dada yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka tisa. Anaishi Kiyeyi, ng'ambo ya mpaka, analima karanga na mihogo, watoto wake wameshaondoka, na mumewe ni dereva wa masafa marefu ambaye hurudi nyumbani kama mgeni rasmi. Akishakula chakula cha jioni hana wa kuongea naye. Jioni hiyo mbuzi wake alikuwa amekula sabuni. Dada akaanza mwanzo kabisa, kwa aliyemuuzia sabuni, akapita kwa babu wa muuza sabuni, akaingia kwenye shamba la huyo babu na mpaka wake na jirani. Dada hana nukta. Ana koma tu, na koma zake ni fupi. Nilijilaza ili nisikilize vizuri. Nilipofumbua macho kulikuwa kumekucha, simu iko chini ya shavu, na alama ya vitufe imechorwa usoni mwangu.

Akapiga asubuhi. "Jana ulinikatia?"

"Ni mtandao, dada," nikasema. "Simu ilivuka mpaka."

Wanaoishi Busia wanajua uongo huu, kwa sababu mara nyingi ni ukweli. Unakaa sebuleni kwako Kenya, simu inashika mnara wa Uganda, maongezi yanakatika, na huwezi kumlaumu yeyote. Dada alikubali. Kesho yake akapiga tena kumalizia habari ya mbuzi, nami nikalala tena, saa saba mfululizo, usingizi ambao nilikuwa nimeusahau hata ladha yake. Niliamka nikacheka peke yangu kitandani. Nilikaanga mayai. Nilimsalimu kila mtu barabarani hadi wengine wakadhani nagombea udiwani.

Lakini mtandao hauwezi kukatika kila siku, na hapo ndipo nilipojifunza ujanja wa mm.

Kwetu mtu anayesikiliza hakai kimya. Ukimya kwenye simu ni tusi, au salio limeisha. Hata salamu, nusu yake ni mm: unaulizwa habari za nyumbani, mm, za watoto, mm, za shamba, mm, na kila mm ina sauti yake. Iko ya kupokea, iko ya kushangaa, iko ya kusema endelea, na iko ile inayoshuka mwishoni, ambayo maana yake ni ndiyo, nimekubali. Nikagundua kwamba kwa mazoezi kidogo naweza kuitikia mm huku nimeshalala nusu, na kisha huku nimelala kabisa. Kinywa kilibaki zamu mwenyewe akiwa amekwenda zake. Niliona fahari. Nilijiona nimevumbua kitu ambacho kwacho vyuo vikuu vingenipa shahada ya uzamivu. Ambacho sikukifikiria ni kwamba kinywa kilichoachwa zamu hakichagui ni mm gani inayotoka.

Jumatano moja nilikwenda Tororo kununua koki ya bomba. Dukani nikakutana na fundi mwashi wa Merikit, kijijini kwa mama, mtu tunayemfahamu tangu alipokuwa akimfanyia mama kazi ndogondogo.

"Nyabo, habari ya Kenya!"

"Mm," nikaitikia, ile ya salamu.

"Basi hiyo Jumatatu tunaangusha. Nimepata watu wanne. Nilitaka tu nikuulize, mlango wa mbele nikuwekee?"

"Mlango wa mbele wa wapi?"

"Wa kwa mama." Akaniangalia kwa mashaka. "Si mulikubaliana? Dada yako alisema ulikubali."

Nilisimama na koki mkononi. Nyumba ya mama iko Merikit, vyumba viwili na sebule, bati limeshika kutu, ukuta wa nyuma umepasuka kutoka juu hadi chini. Madirisha ya mbele hayalingani, kwa sababu moja alilinunua Tororo na jingine Busia, na mafundi wa pande hizo mbili hawapimi kwa mkono mmoja. Mama alikuwa akisema nyumba yake inakonyeza.

Ningeweza kumwambia fundi palepale kwamba sikukubali. Shida ni kwamba kwa mwaka mzima, kila mara dada aliponiuliza tuifanyeje ile nyumba, nilimjibu, "Amueni ninyi, mimi sina shida." Kwenye kikao cha familia baada ya mazishi nilikwenda mbali zaidi: niliwahutubia watu wenye msiba kuhusu ubatili wa kung'ang'ania vitu. Nyumba ni matofali tu, nikasema, kwa Kiswahili sanifu. Watu walinipigia makofi machache, ya adabu. Na sasa nilikuwa nimesimama katikati ya misumari na mabati, natamani kuyalilia matofali.

Nilimwambia fundi nitampa jibu la mlango. Nikarudi Busia.

Kuizuia Jumatatu isifike nilihitaji kumwambia dada maneno mawili tu: nilikuwa nimelala. Maneno hayo yalinishinda Jumatano, yakanishinda Alhamisi, yakanishinda Ijumaa. Nilimwona akilini akiwa peke yake pale Kiyeyi, sahani zimeoshwa, akifahamu kwa mara ya kwanza kwamba miezi kumi na mmoja ya habari zake imeanguka kwenye sikio la mtu anayekoroma. Hangenipigia tena. Na mimi, nikiwa mkweli, sikujua kipi nilikiogopa zaidi, kumuumiza yeye au kurudi kwenye miguu ya chumvi. Akipiga, nilimtumia ujumbe kwamba nina kazi nyingi. Sikulala siku zote tatu. Malori yote yaliyovuka nayafahamu.

Jumamosi saa nane mchana nikapiga.

"Profesa," akasema. Ananiita hivyo akikasirika. "Umekumbuka nambari yangu."

"Dada, nina neno."

"Sema. Mikono ndiyo iko na karanga, masikio iko bure."

"Ni ile nyumba ya mama. Fundi ameniambia Jumatatu."

"Mm."

"Sikukubali."

"Ulikubali. Nilikuuliza mara tatu. Nikasema tuangushe? Ukasema mm. Nikasema kabisa kabisa? Mm. Nikasema na choo? Mm."

"Dada." Nilifumba macho kama mtu anayechomwa sindano. "Nilikuwa nimelala."

Nilisikia karanga zikidondoka kwenye beseni, moja, nyingine, kisha zikaacha. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba msamaha, ina utangulizi na kila kitu. Kabla sijaianza nikasikia mlio, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akakohoa, akaenda kunywa maji, akarudi, akacheka tena.

"Na nani hajui?" akasema. "Wewe unakoroma kama mashine ya kusaga ya hapa Kiyeyi. Hata ile siku ya mbuzi nilisikia."

"Lakini nilikuambia ni mtandao, ukakubali!"

"Mtandao gani huo wenye unakoroma?"

Nikakaa chini. Nilikuwa nimesimama muda wote huo bila kujijua.

"Sasa kwa nini uliendelea kuongea?"

"Mtu alikuwa halali mwaka mzima, analala, mi nimwamshe? Niko na akili?" Karanga zikaanza kudondoka tena. "Halafu, mdogo wangu, ukilala unasikiliza vizuri. Ukiwa macho nasema karanga imeoza, wewe unasema zimeoza. Karanga haijali. Mi nataka kumaliza habari yangu."

Ni kweli. Nilimsahihisha hata kwenye habari za jicho, kabla sijalala.

"Na nyumba?" nikauliza. "Kama ulijua nimelala, kwa nini umemwambia fundi nimekubali?"

"Nilimwambia asiguse tofali mpaka asikie kwako. Nikamwambia, ukimwona, muulize tu mlango, tuone kama utashtuka." Sauti yake ikashuka kidogo. "Nikikuuliza ukiwa macho, unasema amueni ninyi. Nikuulize ukiwa umelala, unasema mm. Mi ningekuuliza saa ngapi? Ile nyumba ukuta unaanguka. Nikitengeneza, kesho utasema ninang'ang'ania matofali. Nikiangusha, utanyamaza mpaka ukufe na hiyo kunyamaza. Nilikaa nangoja useme kitu. Hata utukane."

Dirishani kwangu lori lilikuwa linajaribu kurudi nyuma na watu watano wanalielekeza, kila mmoja upande wake. Niliona aibu, lakini aibu nyepesi.

"Sema sasa," dada akasema. "Na usiniambie mm."

"Isibomolewe."

"Nani anasema?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nilitafuta sababu ya kisomi, sikuipata. "Kwa sababu naitaka," nikasema. "Nataka niwe nakuja kukaa. Nataka iwepo."

"Eeh," akasema taratibu, kama mtu aliyetua debe la maji kutoka kichwani. "Ungesema hivyo kwenye kikao, tungekula chakula mapema. Lakini ukuta wa nyuma lazima ushuke, ujengwe upya. Huo hata ukipiga chafya unaanguka."

"Ukuta wa nyuma, sawa."

"Na bati."

"Na bati."

"Ngoja hapo, usikate."

Ana simu mbili, kama sisi sote wa huku. Nikamsikia akipiga kwa ile ya pili, kwa sauti ya mtu asiyeamini sana mitambo: "Fundi! Fundi, nyumba hatuangushi! Ni ukuta wa nyuma peke yake! Nani amesema? Mwenyewe amesema! Ndiyo, ako macho, niko naye hapa!" Fundi akasema kitu kirefu. Dada akaitikia mm, mm, mm, kisha akarudi kwangu.

"Amesema anaanza Jumanne. Jumatatu hii ako na mkutano wa wazazi shuleni."

"Jumanne ni sawa," nikasema, na nikalitamka kila neno.