Radhi Aliyoningoja

Mume wangu alikuwa mwuguzi mwenye cheti, na hospitali haikutaka kumwacha. Hakulazimishwa na mtu. Alitaka mwenyewe kujiandikisha kwa vita vile vya Mtaliani, afuatane na askari huko Uhabeshi, awafunge majeraha palepale waangukapo. Mama yake alimpa radhi siku ileile. Mimi sikumpa, na mume wangu alisema bila ya radhi yangu hatoki Mombasa.

Sijui kama nitalieleza sawa, maana nimesoma chuo cha Kurani tu. Majirani walidhani naogopa ujane. Nauogopa, ndiyo. Lakini zaidi nilikuwa na wivu. Niliwaonea wivu wanaume nisiowajua, ambao hata hawajaumia bado.

Akitoka kazini alijizoeza kufunga majeraha mwilini mwangu. Mimi nalala kitandani, yeye afumba macho, kwa kuwa huko vitani usiku hakuwashwi taa, anifunga bandeji kwa kupapasa. Mikono yake ilikuwa na upole mgeni kwangu. Kila mzunguko auliza, "Yakubana?" Nilipougua homa sikuisikia sauti ile. Nisimdhulumu: homa ile alikesha nami mpaka ikashuka. Ila alikesha kimya.

Siku moja alinifunga mguu kama uliovunjika, na kwa kukosa ubao akautia mwiko wa pilau. Adhana ya alasiri ikalia, akavaa kofia akashuka ngazi, akanisahau. Mama mkwe akaingia akiutafuta mwiko wake.

"Mkwe wangu, leo wanipikia mguu?"

"Muulize mwanao, mama."

"Mwanangu yuko msikitini. Nakuuliza wewe. Utamzuia mpaka lini?"

"Aliyefungwa ni mimi."

Alicheka hata akakaa kitandani. Akataka kufungua, nikamkataza. Niliutikisa mguu, nikaupigapiga godoroni. Mwiko haukusogea, wala haukuniuma. Kaufunga amefumba macho, nami mzima nalala hapa nautumia ufundi unaomstahili mtu aliyevunjika kwelikweli. Hilo lilinichoma. Wivu haukunitoka, lakini haya ikauzidi.

Aliporudi nilimwambia, "Radhi nimekupa. Ila hao askari usiwaulize kama yawabana."

Alidhani ni mzaha. Akapiga magoti, akalishika fundo, na kwa mazoea akauliza, "Yakubana?"

"Kidogo," nikamwambia, na haikuwa ikinibana. "Fungua polepole."