Aliyekuja kwa Mgonjwa na Jembe

Kaa kwanza, mwanangu. Usikimbilie kukunja hicho kipimo cha presha. Umeiona miguu yangu ilivyovimba, umeusikiliza moyo wangu, kisha ukaniuliza kama mikorosho yangu imetoa maua! Mimi nilikuwa nesi hapa Newala mpaka nikastaafu. Najua nesi anauliza habari za mikorosho kwa sababu gani.

Basi nikusimulie siku moja ya ujana wangu, maana haijanitoka. Nilikuwa nimetoka kwetu Masasi, nimepangiwa zahanati ya huku juu, sare bado inanukia duka. Tulikuwa na mgonjwa, Mzee Likanga, mkulima wa Kimakonde, ana uvimbe kwenye ini. Daktari alishamwambia hautapona. Lakini nyumbani kwake neno kufa lilipigwa marufuku. Nikigusia tu, "Mzee, huko mbele ungependa iweje?" mkewe, Mama Fadhili, ananikatiza: "We binti, usituletee uchuro humu ndani!" Mzee anageukia ukutani. Na huku Fadhili, mtoto wao mkubwa, ameshatafuta gari la kumpeleka Dar es Salaam, safari inayomchosha hata mzima. Mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Nilikuwa naogopa atafia njiani.

Asubuhi moja nikiwa namnywesha dawa, akaingia jirani yao, Abiti Saidi, bibi wa Kiyao, mtani wa nyumba ile. Hodi hakupiga, na begani ana jembe.

"Wee Mmakonde! Nasikia unataka kwenda kuzikwa Dar, utukoseshe pilau? Haya, nionyeshe pa kuchimba. Kando ya mkorosho ule, au pale penye mchanga, nisije nikavunja mgongo kwa ajili yako?"

Mungu wangu! Nilidhani atafukuzwa. Lakini unaujua utani wa kwetu, mtani hakasirikiwi. Mama Fadhili akaziba mdomo kwa kanga. Mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishika ubavu, machozi yanamtoka. Halafu sauti ikabadilika.

"Dar siendi, we Myao. Nataka kunusa mabibo ya mikorosho yangu. Basi."

Mimi nikaona hapo hapo ndio pangu. Nikavuta kigoda nimuulize yote kwa mpigo: maumivu, nani amuuguze, nani amsemee akishindwa kusema. Abiti Saidi akanifinya goti. Tulipotoka nje akanigeukia, mkali kidogo: "Mtu kakufungulia mlango leo, wewe unataka uingie na kitanda? Haraka haraka haina baraka, mwanangu. Msubiri."

Nikasubiri. Nikawa nakwenda, namuuliza habari za shamba, akitaka kunyamaza tunanyamaza wote. Ndipo siku moja akasema mwenyewe, "Nesi, hiyo dawa ya maumivu naweza kuinywea hapahapa?" Nikamwambia inawezekana. "Basi mwite Fadhili, nimwambie wewe ukiwepo." Fadhili alilia kama mtoto, lakini alimsikia baba yake, na lile gari likarudi tupu. Mzee aliuguzwa kwake. Mabibo yakaiva, akayanusa, akaondoka mkono wake umo mkononi mwa mkewe.

Msibani watu walimsubiri Abiti Saidi achekeshe, maana ndiyo kazi ya mtani. Wapi! Alikaa kwenye jamvi akalia kuliko wote. Nilimpenda sana yule bibi.

Sasa wewe si mtani wangu, usije ukaniletea jembe! Lakini shika hili. Mgonjwa anajua. Mficha maradhi kilio humuumbua, na sisi wauguzi tukificha maneno, kilio kinawaumbua wote. Usimwendee mtu na kifo mkononi. Mwendee kwa kile anachokipenda, umuulize anaogopa nini, anamwamini nani. Akigeukia ukutani, muage vizuri, urudi kesho. Na mtafute yule ambaye akisema, nyumba inasikia, hata kama hana cheo wala sare. Ila mwanangu, hofu yako isiizidi ya mgonjwa, maana akiiona usoni mwako atakuonea huruma, atanyamaza ili akulinde wewe. Kama nilivyokuwa nanyamaza mimi mpaka leo.

Basi mlango wangu nimeufungua mwenyewe, kwa kuwa wewe unaogopa kupiga hodi. Moyo huu umechoka. Nataka kitanda changu hiki, dirisha likiwa wazi, na pumzi ikinibana unipe cha kunituliza. Kunipakia kwenye magari, hapana. Usilie bwana, utakilowesha hicho kipimo.

Mungu akupe mikono myepesi na subira ya Abiti Saidi. Na siku yako ikifika, huko mbali uzeeni, usikose wa kukukalia karibu hivi ulivyonikalia mimi.

Haya, futa machozi, uniulize.