Wala Mayai wa Paskazia

Urbano hakuwapenda kuku hata mkewe alipokuwa hai. Kuku walikuwa wa Paskazia. Wakiparua maharage, alimwita Paskazia. Wakinya mlangoni, alimwita Paskazia. Sasa Paskazia amelala chini ya migomba, hapohapo kilimani Bugendana, na kuku bado wanaparua, na hakuna wa kuitwa.

Mbaya kuliko wote ni yule mwekundu, mwenye kishungi kilicholalia jicho moja. Huyo hatagi penginepo ila kitandani, upande wa ukutani, alikokuwa akilala marehemu. Urbano humkamata mabawa, humtupa nje, naye huzunguka nyumba akilia kama mtu aliyeibiwa, kisha huingia tena.

Asubuhi moja Kasilda, mdogo wake marehemu, akafika kutoka Gashoho na kitenga kitupu kichwani. Hakungoja kukaribishwa.

"Shemeji, mi nimekuja kuchukua kuku ya dada. Kuganduka, ile siku ya kuondoa matanga, iko karibu, tukishamaliza hapa hakuna tena mwanamke. Utazifanyia nini?"

"Ni wa hapa."

"Wa hapa! Ile mama yao, nani aliileta siku mlirudi kutoka ukimbizini Tanzania na masufuria tu? Ni mi! Niliipakata ndani ya basi, ikaninyea kitenge mpaka Gitega."

Urbano akatema mate pembeni. Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli ilimchoma zaidi. Kuku hakuwataka. Lakini alipokitazama kile kitenga aliona kwamba wakiondoka, pale uani hakitabaki chenye kupumua alichokilisha Paskazia, isipokuwa yeye mwenyewe.

"Rudi kwako," akasema.

Kasilda akachutama, akaita, "Tii, tii, tii!" Ilikuwa sauti ya Paskazia, ileile. Kuku wakaja mbio, shingo mbele, mabawa wazi, wakikanyagana. Urbano alikuwa akiwaita kila siku na hawakumjia hata mmoja. Hapo ndipo alipomchukia Kasilda kwelikweli.

"Ona zilivyokonda! Unazipa nini?"

"Maganda ya mihogo."

"Na machicha ya pombe?"

"Niliwapa. Wakalewa. Jogoo akapigana na ndoo."

Kasilda hakucheka. "Na mayai iko wapi? Kuku wote hawa, hata yai moja? Unakula peke yako, mzee mzima?"

"Siku hizi sijala hata moja."

"Basi nani anakula?"

Mle ndani yule mwekundu akaanza kutetea. Kasilda akapita moja kwa moja mpaka chumbani, bila hodi, Urbano nyuma yake. Kuku alikuwa amesimama juu ya shuka, yai limetoboka chini yake, kiini kinamtiririka mdomoni. Wenzake wakapenya katikati ya miguu ya watu, wakapanda. Mmoja akanyakua ganda linaloning'inia utandu, akatoka nalo mbio, na wengine wote wakamfukuza hadi kwenye jalala.

Kasilda akawafuata. Pale jalalani akaona maganda mengine, makubwa makubwa, meupe.

"Nani aliwatupia maganda mabichi?"

Alikuwa Urbano. Miaka yote alimwona mkewe akiwapa kuku maganda ya mayai, basi na yeye akawapa ya mayai aliyokula siku za mwanzo. Kilichofanyika katikati hakukitazama kamwe: Paskazia aliyakaanga kwenye kigae mpaka yakawa ya kahawia, akayatwanga yakawa unga, kuku asijue kwamba anachokula kilikuwa yai.

"Umeziharibu," Kasilda akasema. "Kuku ya kula mayai dawa yake ni kisu. Tuzichinje zote siku ya kuganduka, watu wakule."

Urbano akasimama mbele ya mlango wa jiko, kilipokuwa kisu.

"Ukimshika mmoja, utanishika na mimi."

"Toka hapo, shemeji."

"Sitoki."

Walitazamana. Kuku walikuwa wakigombea utandu miguuni pao.

"Basi kaa nazo! Nikizipeleka Gashoho zitafundisha zangu. Mi sitaki hata unyoya. Dada yangu aliolewa na jiwe, alors basi, jiwe lifuge wezi!"

"Basi la kurudi Gashoho litakuacha."

"Liniache!"

Akajitwika kitenga, akashuka njia ya migomba. Penye kaburi akapunguza mwendo, akajifuta uso na ncha ya kitenge, akaendelea bila kugeuka. Urbano hakumsindikiza. Mgeni kutosindikizwa ni aibu pale kilimani, na wote wawili walilijua hilo.

Alipoingia ndani kuvua shuka alimkuta yule mwekundu amekwisha kurudi, ametulia upande wa ukutani, anafuta mdomo kitandani, shavu hili na shavu lile. Urbano akavuta shuka kutoka chini yake. Kuku akamdonoa mkono mpaka damu.

"Mbwa wewe," akamwambia.

Akaenda kufua shuka, akamwacha hapohapo.