Eulalie Aliyecheza Mama wa Kambo

Eulalie M'Bulonza aliingia katika michezo ya kuigiza kwa sababu alishindwa kunyamaza. Mwaka huo wa hamsini na sita, kundi la parokia lilikuwa la wanaume watupu. Mchezo ukihitaji mama, karani mmoja mnene alijifunga kikwembe, akabana sauti, na watu wakacheka hata pasipokuwa na cha kuchekesha. Siku moja ya mazoezi Eulalie alikuwa ameleta tu mavazi aliyoyashona. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na minane, muuza uji wa mtama huko Cimpunda, Bukavu, kando ya njia ambayo wafanyakazi huteremkia mjini kila asubuhi. Alikaa benchi la nyuma, akamtazama yule karani akimlilia mtoto aliyekufa, mikono kichwani, koo wazi.

"Hapana vile," alisema kwa nguvu kuliko alivyokusudia. "Mama mwenye kufiwa hapigi makelele kwanza. Kwanza anatafuta kazi ya kufanya."

Grégoire, mwalimu wa shule aliyetunga michezo na kuiongoza, aligeuka. "Basi utuonyeshe, Mama Benoît."

Akapanda jukwaani. Alichukua nguo ya mtoto ambayo haikuwapo, akaikunja. Akaikunjua. Akaikunja tena vizuri zaidi, akatazama huku na huku akitafuta pa kuiweka, na hakupapata. Wengi ukumbini walijua kwamba Eulalie alizaa watoto watatu na aliyebaki ni Benoît peke yake. Karani akavua kitambaa chake cha kichwa mwenyewe, akampa.

Tangu siku hiyo hakukosa zoezi hata moja. Hakujua kusoma sana, lakini Grégoire alimsomea maneno mara mbili tu, naye akawa ameyashika. Akicheza mchawi, watoto walijificha chini ya mabenchi. Mchezo ukiisha, alivua kitambaa mbele yao, akacheka, akawashika mashavu, nao wakamfuata mpaka nyumbani wakiimba. Na Jumapili za sinema, Padri Xavier alipotundika shuka jeupe ukutani na kuziba madirisha kwa mablanketi, Eulalie alikaa mbele kabisa pamoja na watoto, shingo juu, mdomo wazi. Kesho yake waliokuja kunywa uji walipewa na sinema nzima: farasi, treni, mzungu mwembamba anayeteleza. Watu walichelewa kazini kwa ajili yake.

Padri Xavier alikuwa Mbelgiji mwenye miguu mirefu, mpenda watu, mwenye kamera ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Mwaka uliofuata alikuja na wazo. Watoto wengi walikuwa wakifa kwa kuharisha na kwa dawa za waganga, kwa kuwa mama zao waliogopa dispensari. Alitaka kutengeneza filamu: mama wa kambo mwenye wivu anamtilia mtoto sumu ndani ya uji, mganga anashindwa, muuguzi wa dispensari anamwokoa.

"Mama wa kambo ni wewe," alimwambia Eulalie. "Hakuna mwingine anayeweza."

Eulalie alifurahi hata akasahau kula siku hiyo. Walipiga picha majuma matatu ya kiangazi, nyumbani kwa katekista, na sufuria ya Eulalie mwenyewe ya uji. Padri alimwambia atie ile sumu, unga mweupe tu, kikombeni kwa haraka. Yeye alikataa.

"Padri, mutu mubaya hana haraka. Anatia polepole sawa mutu anatia chumvi. Halafu anaonja kidole, anasahau, anakumbuka, anapangusa kidole ku kikwembe."

Padri alisogea karibu na kikombe. "Fanya hivyo," akasema, akaanza kuzungusha mkono wa kamera.

Filamu ilipelekwa Ulaya kusafishwa, ikarudi baada ya miezi saba. Haikuwa na sauti. Grégoire ndiye aliyesimama kando ya shuka na kipaza sauti, akieleza kwa Kiswahili kinachotokea na kuwasemea wote, mwanamume kwa mwanamke. Mara ya kwanza ilionyeshwa Kadutu, ukumbini mwa parokia, na watu walipiga makofi, kwa sababu Eulalie alikuwa amekaa palepale katikati yao. Walimgeukia, wakamtania: "We mama, siku moja utatuua!" Ilikuwa siku nzuri kuliko zote alizowahi kuziona.

Kisha filamu ikapakiwa ndani ya sanduku la bati, ikaanza kutembea. Ilienda Lwiro, Walungu, Nyangezi, kila penye misheni na ukuta mweupe. Huko hakuna aliyemjua Eulalie. Walimwona uso wake, mkubwa kuliko mlango wa kanisa, ukionja kidole na kukipangusa.

Mwanzoni hakuelewa. Wanawake waliokuja sokoni kutoka milimani walisimama mbali na chungu chake wakinong'onezana. Mmoja alimwuliza mwingine kwa Kishi, lugha ya huko, akidhani hasikii: "Si ndiye yule?" Baada ya mwezi, wanaume waliokunywa uji wake miaka sita walianza kusema kwamba wamekula nyumbani. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimu vizuri, wakapita. Akaanza kuonja uji mbele ya kila mteja, kijiko kizima, akameza huku wakimwona. Lakini hilo nalo, wakasema, linaonyesha kwamba anajua watu wanaogopa nini.

Alimwendea Padri Xavier. Alimkuta akipanga vitabu, akamweleza yote akiwa amesimama.

Padri alicheka kwanza, kwa upendo. "Eulalie, hiyo ni sifa! Wanaamini kwa sababu unacheza vizuri."

"Padri, mimi ninauza uji."

Akaacha kucheka. Akamvutia kiti, akafungua daftari la dispensari, akamwonyesha. Kabla ya filamu, kule Walungu walileta watoto kumi na wanne kwa mwezi. Sasa ni hamsini na mmoja. "Hawa wangekufa baadhi yao," alisema taratibu. "Niambie mwenyewe niizuie filamu, nami nitaizuia."

Eulalie alitazama zile tarakimu ambazo hakuweza kuzisoma sawasawa. Aliwafikiria wale wawili aliowazika. Akalifunga daftari, akamrudishia. Akaaga, akatoka.

Wakati huo Benoît, mwanawe, aliyefanya kazi katika gereji mjini, alikuwa amechumbia msichana wa Nyangezi jina lake Colombe. Maneno yalikuwa yamekwisha kuzungumzwa, ng'ombe wa kwanza amepelekwa. Kisha ng'ombe akarudishwa. Aliyemleta hakueleza sababu. Alimfunga kwenye mti wa uzio, akaomba maji ya kunywa, na alipoona ni Eulalie anayemletea, akasema kiu imeisha.

Benoît hakupiga kelele. Alikaa mlangoni mpaka giza likaingia. "Mama," alisema, "juu ya nini haukuacha yule karani acheze?"

Eulalie akaamua kwenda Nyangezi mwenyewe. Alisikia filamu itaonyeshwa huko tena, mchana wa sikukuu, akamwomba Grégoire wapande lori pamoja. Njiani mwalimu alimwapia kwamba atawaeleza watu yote kabla filamu haijaanza. Na kweli aliwaeleza. Alisema kwa kipaza sauti: "Batu bangu, ile mumama mutaona ni mama wa Kikristo wa Bukavu. Anacheza tu. Ile unga ni ya muhogo."

Sauti ya mwanamume ikajibu kutoka nyuma: "Kama hajafanya, alijifunza wapi?" Watu wakaitikia kwa kunguruma.

Eulalie alikuwa amejifunika kikwembe mpaka machoni, karibu na mlango. Taa ya mashine ya sinema ikawaka. Alijiona akiingia na kikombe. Hakuwa ameiona tangu ile siku ya Kadutu, na kwa dakika chache alisahau kilichomleta. Aliona jinsi mkono ulivyokuwa mtulivu, jinsi macho yalivyomwangalia mtoto bila chuki yoyote, na ndani yake akasema: ni vizuri, ni vizuri kabisa. Mama mmoja kijana aliyekaa pembeni yake alimshika mkono kwa hofu bila kumtazama, akaukaza. "Angalia macho yake, dada," alinong'ona. "Mungu wangu, angalia ile macho." Eulalie naye akaukaza ule mkono. Wakakaa hivyo mpaka mtoto alipoanguka.

Filamu ilipoisha mablanketi yakashushwa, jua likaingia. Grégoire akaita: "Yeye mwenyewe iko hapa! Mama Benoît, simama bakuone!"

Akasimama. Akavua kitambaa kama alivyozoea kuvua Kadutu, akajaribu kucheka. Yule mama kijana aliruka, akatazama kiganja chake mwenyewe, akakipangusa kwenye nguo. Hakuna aliyepiga ukelele. Wanawake waliwaita watoto wao kwa sauti ndogo, mmoja mmoja, ukumbi ukamwagika nje kwa adabu. Jukwaani mtu huvua uchawi pamoja na kitambaa. Hapa uchawi ulibaki ndani ya sanduku la bati, na alichovua yeye kilikuwa kitambaa tu.

Aliyebaki ni Papa Adalbert, babake Colombe, mzee mwenye kofia mkononi. Alimsogelea mpaka hatua tatu.

"Mama, miye ninakuamini," alisema. "Nilisoma misheni, ninajua sinema ni kitu gani."

"Basi, Papa, batoto..."

"Lakini miye niko mutu moja. Bibi yangu haamini. Bandugu hawaamini. Colombe akizaa, mutoto akapata homa, homa ya kawaida tu, batasema nini? Na miye nitawajibu nini?"

Eulalie alikifunga tena kitambaa kichwani. Akampa mkono. Adalbert aliupokea, na hilo Eulalie hakulisahau.

Colombe aliolewa Ngweshe kabla ya mvua. Benoît aliacha gereji, akaenda kutafuta kazi kwenye dhahabu ya Kamituga, huko Mwenga. Padri Xavier alirudi Ulaya likizo, akaugua, hakurudi tena. Padri aliyemfuata alimsikiliza Eulalie kwa makini, akasema kwamba filamu sasa si ya parokia. Ofisi moja ya mjini imeichukua, imenakiliwa, na hata yeye hajui nakala ziko ngapi. Grégoire alimpa Eulalie sehemu ya mtakatifu katika mchezo wa Pasaka, na watu wakaguna alipoingia. Baada ya hapo alishona mavazi tu. Lakini zoezi likiendelea, hakuondoka. Alikaa benchi la nyuma, midomo ikiyafuata maneno.

Barua ya Benoît ilifika mwaka wa hamsini na tisa. Eulalie aliipeleka kwa Grégoire aisome, na mwalimu aliisoma kwanza kimyakimya, akakohoa.

"Soma tu," alisema Eulalie.

Benoît aliandika kwamba ana afya, mvua ni nyingi, chakula si kibaya. Kwamba Jumamosi iliyopita filamu ile ilionyeshwa kambini. Wachimbaji wa Shabunda walirusha mawe kwenye shuka hata likatoboka. Mmoja alimwuliza, wewe ni wa Bukavu, unamjua yule mwanamke? "Nilisema simujue," Grégoire alisoma. "Mama, unisamehe."

Eulalie alimsogezea kalamu. Nje, wanawake walikuwa wakitwanga, na mtu alikuwa akimwita mbuzi.

"Umuandikie hakukosa," alisema. "Umuandikie ningekuwa miye, ningesema vilevile."

Grégoire akachukua kalamu, akaandika. Alipofika mwisho wa mstari, Eulalie aliinama mezani, akaitazama ile barua ya mwanawe kana kwamba angeweza kuisoma kwa kuikazia macho.

"Mwalimu," aliuliza kwa sauti ya chini, "iko mahali anasema mawe ilianza wakati gani? Ni pale ninatia unga, ao ni pale ninapangusa kidole?"

Grégoire aliipitia barua yote tena, mbele na nyuma. Benoît hakuwa ameandika.