Mashine ya Dirishani

Wanafunzi walimwita Mama Leseni, na jina hilo lilimtangulia mlangoni kila asubuhi.

"Zimeni miziki, Mama Leseni huyo!"

"Humu hata panya ana leseni," mwingine angeongeza, na chumba kizima kingecheka chini chini huku vidole vikifunga haraka haraka visivyotakiwa kuonekana.

Kuruthumu Kassimu hakukasirika. Kazi yake, katika chuo kile cha mlimani ambako siku ya hewa safi unaliona ziwa lote mpaka milima ya Kongo, ilikuwa kuhakikisha kwamba kila programu kwenye kompyuta za wanafunzi imelipiwa, na kwamba kompyuta zote zinafanana. Zifanane hasa. Mwanafunzi akae mashine ya mlangoni au ya dirishani, akute kila kitu mahali pake, kama mtu anayeingia jikoni kwake gizani akaupata mwiko bila kupapasa. "Mashine zangu ni mapacha," alipenda kuwaambia wanafunzi wapya, na ndicho kitu pekee alichojisifia hadharani.

Mapenzi hayo aliyatoa nyumbani Ujiji. Baba yake alikuwa fundi wa vyerehani, na skrubu zake zilikaa kwenye makopo ya maziwa ya unga, kila saizi na kopo lake. Kuruthumu ndiye aliyezipanga tangu hajaanza shule. Baadaye alikwenda kusoma Dar es Salaam, akaolewa huko, ndoa ikavunjika bila kelele, akarudi kumuuguza mama yake na hakuondoka tena. Watu walimwona mwanamke mtulivu, mwenye mambo yaliyonyooka. Na yeye alikuwa amefika umri wa kuamini hivyo hivyo.

Flashi alizikataza yeye mwenyewe, baada ya virusi kula tasnifu za watu. Alizifungia tundu zote za kuchomekea kwa neno la siri alilolijua peke yake. Wanafunzi walilalamika, wakazoea.

Mwanafunzi mmoja tu alimwita dada. Révérienne alikuja kutoka Burundi mwaka ule wakimbizi walipojaa Kagunga, kijiji cha mpakani, ufukwe mzima ukawa vichwa na magodoro, wakaletwa mjini kwa meli. Yeye, mama yake na kaka yake Sindayigaya walipelekwa kambini. Baadaye kanisa likamlipia ada, akapata kibali cha kutoka, akapanga chumba Katubuka. Kuruthumu naye, siku zile za meli, alikuwa miongoni mwa wanawake wa Ujiji waliobeba sufuria za uji hadi bandarini.

"Labda nilikunywa uji wako, dada," Révérienne alimwambia siku walipogundua hilo.

"Ulikuwa na sukari?"

"Haukuwa nayo."

"Basi ulikuwa wangu."

Walicheka mpaka Ashraf, msaidizi wa chumba cha kompyuta, akainua kichwa. Tangu hapo ikawa dada.

Mama yake Révérienne alifia kambini. Kabla hajafa alimwomba Révérienne amrekodi. Hakutaka kuaga wala kuacha wosia wa maneno mazuri. Alitaka kulizunguka shamba lao la kule nyumbani. Alikaa juu ya mkeka, macho amefumba, akalizunguka kwa mdomo: unaanzia penye mawe meupe, unashuka na mfereji, unafika kwenye mti wa umuvumu aliopanda babu, jirani yako hapo ni fulani. Baba yao alikuwa amekwisha kufa, watoto walikuwa shuleni miaka yote, na mipaka ile haikuandikwa popote. Ilikuwa kichwani mwa mama, na sasa ilikuwa kwenye simu ya kuazima. Mwenye simu, Armelle, alipojiandikisha kurudi Burundi, alitaka simu yake.

"Weka hapa," Kuruthumu alimwambia Révérienne, akionyesha mashine ya dirishani. Aliifungua tundu mwenyewe, sauti ikahamia. "Hii siigusi bila kukwambia."

Siku zilizofuata alifanya zaidi ya hapo. Rekodi ilijaa upepo uliokuwa ukipiga turubai, maneno mengine hayasikiki, na Révérienne akauliza kama sauti inaweza kusafishwa. Kuruthumu aliijua programu ya kazi hiyo. Chuo hakikuwa na leseni yake. Basi Mama Leseni alitafuta ile iliyovunjwa kufuli, ile ambayo wanafunzi huiita kraki na ambayo angemfukuza mtu yeyote chumbani kwa ajili yake, akaiweka kwenye mashine ya dirishani, kwa siku chache tu, akajiambia. Wakakaa wawili mchana kutwa, vipokea sauti masikioni. Kirundi Kuruthumu alikifuata vizuri, maana mama yake alikuwa Muha, na Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Lakini alikuwa akiitazama sauti, hakuisikiliza; alitazama vilima vyake vinavyopanda na kushuka kwenye kioo, akikata upepo hapa, kikohozi pale.

"Kikohozi kiache," Révérienne alisema.

Akakiacha.

Wakaguzi wa leseni kutoka makao makuu walitangaza kuja Alhamisi. Wakaja Jumanne.

"Madamu, wageni wako getini!" Ashraf aliingia akihema. "Wana gari mbili!"

Kuruthumu alisimama, na kilichomjia kwanza hakikuwa sauti ya mama wa mtu. Kilikuwa ile programu. Kuiondoa hivi hivi kungeacha nyayo, na wakaguzi walikuja na kifaa cha kunusa nyayo. Dawa ilikuwa moja: kuirudisha mashine nzima kwenye nakala mama, ile ambayo mapacha wote walizaliwa kwayo. Vilivyoongezwa baadaye vyote vingekwenda.

Kuihamisha rekodi kungetaka muda mfupi tu. Lakini kungetaka pia kufungua tundu, na tundu ikifunguliwa kompyuta kuu huandika kwamba imefunguliwa, saa ile ile ambayo wakaguzi walikuwa wanapanda ngazi. Akajiambia Révérienne hawezi kukosa nakala nyingine. Alijua hana. Akabonyeza, akasimama kando akiufuatilia ule mstari wa kijani unavyojaa. Mlango ulipofunguliwa alikuwa ameshatabasamu.

Révérienne alikuja alasiri, uso unang'aa. Sindayigaya alikuwa kwenye orodha ya msafara wa kurudi nyumbani. Angepita mjini kwanza, aisikilize rekodi mpaka aikariri. Kuruthumu alimpeleka kwenye kibaraza, mbali na wakaguzi.

"Umeme ulicheza asubuhi," alisema. "Ile mashine ya dirishani... diski imepata hitilafu. Vilivyokuwemo vimepotea."

Révérienne alikaa kwenye ukingo wa kibaraza. Kisha akasema, "Pole, dada. Na wewe kazi zako zimepotea?"

Kuruthumu alisema ndiyo.

"Pole sana."

Kuruthumu hakulala vizuri siku ile, wala iliyofuata. Kilichomwuma zaidi ya uongo ni kitu alichokijua kwa kazi yake. Kilichofutwa kwenye diski hakiondoki papo hapo. Hubaki kama chaki ubaoni iliyopitishiwa kitambaa kikavu; mwenye jicho bado angeweza kuisoma, mpaka mwingine aandike juu yake. Nakala mama ilikuwa imeandika sehemu ya ubao, si wote. Mashine ile ingezimwa, diski ikatolewa na kupelekwa kwa fundi, huenda mama yule angesikika tena. Lakini wakaguzi walikuwa bado wamo chumbani, wanapima mashine moja moja, na mashine iliyozimwa ingeulizwa.

Na mashine ya dirishani ilipendwa, kwa sababu ya upepo. Feliksi, mwanafunzi wa ualimu mwenye mdomo mrefu, aliikalia tangu asubuhi akipakua mihadhara ya video. Kila video iliyoingia, Kuruthumu aliiona ikikalia mahali fulani. Alijizuia, akajizuia, mwishowe akamwendea.

"Feliksi, hamia mashine nyingine."

"Kwa nini, Madamu?" Feliksi aligeuka, na sauti aliipandisha makusudi. "Si ulisema zote ni mapacha?"

Chumba kilicheka. Mkaguzi mkuu, baba mnene mwenye suti ya kijivu, naye alicheka, akaondoa miwani na kumtazama Kuruthumu kwa upole.

"Amekushinda huyo, mama. Au ile ina tatizo?"

Lilikuwa swali jepesi tu. Kulikuwa na nafasi ndani yake ya kusema lolote: ndiyo, ina tatizo, nimelifanya mimi. Wote walikuwa wakimngoja, wakiwa bado na kicheko usoni.

"Haina," alisema Kuruthumu. "Kaa tu, Feliksi."

Akakaa. Akapakua mpaka jioni.

Wakaguzi waliondoka wakimsifu. Mkuu wa tawi aliitisha soda, akasema chumba cha Kuruthumu kitakuwa mfano kwa matawi mengine, na Ashraf akapiga makofi kuliko wote. Kuruthumu soda yake aliishika mpaka ikapata joto mkononi mwake. Walipotawanyika aliifungua mashine ya dirishani kwa bisibisi ya baba yake, skrubu akaziweka kwenye kiganja, akaitoa diski na kuishusha mtaani Mwanga kwa Selestini, fundi wa simu na kompyuta ambaye kibanda chake kilijaa mashine zilizotumbuliwa matumbo.

Selestini alikaa nayo siku nzima. Kuruthumu aliporudi, fundi alikuwa anatikisa kichwa kabla hata hajasalimiwa.

"Madamu, mmeandikia juu sana. Hii imefutwa lini?"

Akamwambia.

"Sasa na wewe mtu wa kompyuta! Ungeniletea siku ile ile, ningekupa yote. Kweli hukujua?"

"Nilijua," alisema Kuruthumu.

Selestini alimtazama, akaacha utani. Akampa vipokea sauti. Kulikuwa na mchakacho, kisha upepo, kisha yule mama katikati ya sentensi, akishuka na mfereji.

Sindayigaya alifika mjini kwa lori la kambi. Alikuwa mwanamume mrefu, mkimya, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Révérienne alikwenda naye chuoni kwa sababu Kuruthumu alimwambia kuna kipande kimepatikana. Ilikuwa Jumamosi, hakuna wanafunzi. Walikaa mbele ya mashine ya dirishani, diski ikiwa imekwisha kurudishwa humo, dada na kaka kwenye viti, Kuruthumu amesimama.

Sauti ilianza. Sindayigaya aliweka kidole mezani na kukitembeza: akashuka na mfereji, akapinda kwenye umuvumu, akapita kwa jirani Ngendakumana kwa chini, midomo yake ikimfuata mama neno kwa neno. Mama alikohoa. Révérienne alitabasamu na machozi yakamtoka kwa pamoja. "Ukitoka hapo," mama alisema, "sasa unapanda kuelekea kwa Manariyo, unakuta..."

Mchakacho. Kisha kimya.

Kidole kilibaki palepale juu ya meza.

"Unakuta nini?" Sindayigaya aliuliza.

"Ndiyo mwisho wake," alisema Kuruthumu.

"Upande wa Manariyo ndio wenye maneno. Watu walioniandikia wanasema ameshalima mpaka ndani kwetu." Alimgeukia dada yake. "Wewe hukumbuki?"

"Mawe? Au kisima? Sijui. Nilisema ipo kwenye mashine, kwa nini niikariri."

"Na wewe, mama?" Alimuuliza Kuruthumu kwa heshima. "Révérienne anasema mliisafisha pamoja. Uliisikia yote."

Kuruthumu alifumba macho. Alijitahidi kwa kila alichokuwa nacho. Aliona vilima vya sauti vikipanda na kushuka kwenye kioo, aliona mahali alipokata upepo, hata rangi ya mstari aliikumbuka. Neno hakulipata hata moja.

"Nilikuwa naitazama tu," alisema. Kisha, kwa kuwa hakukuwa na mahali pengine pa kurudi nyuma: "Haikuwa umeme, Révérienne. Nilifuta mimi. Niliweka humu programu isiyo na leseni, wakaguzi wakaja, nikaogopa. Na baadaye ilikuwa bado inaweza kupatikana yote, nikawaacha watu waitumie mashine siku zote zile, kwa kuwa niliogopa kuulizwa."

Révérienne hakumwangalia. Alinyoosha mkono, akairudisha sauti mwanzo. Wakaisikiliza tena, na tena, Sindayigaya akikitembeza kidole na kusimama kila mara mahali pale pale, kama mtu aliyefika kwenye mlango uliofungwa. Hakuna aliyemwambia Kuruthumu aketi, wala aondoke.

Mwishowe Révérienne alitoa flashi mkobani, mpya, bado imo kwenye karatasi yake.

"Tunaomba utufungulie tundu."

Kuruthumu aliinama katikati yao na kuandika neno la siri. Kipande kile kifupi kikahamia mara moja. Révérienne aliichomoa flashi, akampa kaka yake, naye akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo.

Mlangoni Sindayigaya alimpa mkono Kuruthumu, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Révérienne alisimama nyuma yake.

"Asante, Madamu," alisema.

Kuruthumu alisikia nyayo zao zikishuka ngazi, kisha sauti ya Sindayigaya uani, ya chini, akirudia mfereji, umuvumu, Ngendakumana. Alirudi kwenye mashine ya dirishani. Mkono ulikwenda wenyewe kuifunga tundu, kama kanuni ilivyotaka, ukafika, ukasita. Aliiacha wazi, akaketi kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto.