Baraza langu na gari la wakaguzi

Leo nusura nitozwe faini kwa usafi wangu.

Ijumaa, kama tulivyozoea Unguja, nilikuwa naosha baraza kwa mpira wa maji. Maji yakaanza kuteremkia barabarani.

Kamau, dereva wa jirani yangu hapa Nuzha, Jeddah, akakimbilia bomba, akalifunga.

"Mama, halas, basi! Maji yakitoka nje ni faini!"

Nikamjia juu. "Baraza langu linakuhusu nini?"

Yeye akachukua ndoo na tambara, akapiga magoti, akafuta.

Mara gari la wakaguzi wa maji likapita polepole. Wakachungulia, wakaiona ndoo, wakaenda zao.

"Sasa nigombeze, mama," akasema Kamau.

Nimeshindwa. Nimemwita ndani ale.

Wenzangu wa Jeddah, hapa baraza husafishwa kwa ndoo na tambara, si kwa mpira.

Na mwenye mtu kama huyu jirani amtaje hapa, nimwombee dua.